Wekeni chini hiyo chupa ya maji

Picha inayozunguka wiki hii katika vikundi vya WhatsApp vya Lubumbashi inauma: kijana anamwagia maji mwamba wenye michoro ya kale "ionekane vizuri", mwenzake anapiga picha. Chini yake pongezi tupu. Hakuna aliyekemea.

Mwamba una chumvi ndani yake. Maji yakipenya kwenye vitundu vyake huyeyusha chumvi hiyo. Mwamba ukikauka, chumvi inavutwa hadi nje. Ikigandia juu, inakuwa utando mweupe unaofunika rangi, na kila chupa inauongezea unene. Ikigandia nyuma ya rangi ni mbaya zaidi: chembe zake zinakua, zinasukuma, mpaka gamba dogo kama ukucha linabanduka na kuanguka pamoja na rangi yake. Mchoro unang'aa dakika chache, kisha unafifia kuliko mwanzo, na mgeni anayefuata anamwaga maji mengi zaidi.

Na hakuna haja! Rangi iliyofifia ipigeni picha kavu, halafu muipitishe kwenye DStretch, programu ya Jon Harman: inatanua tofauti za rangi ambazo jicho halizioni, na wekundu uliokaribia kupotea unajitokeza. Mtu ashike kipimo cha sentimita 10 kando ya mchoro, bila kugusa mwamba, ili atakayerudi mwakani alinganishe. Michoro ya kuchongwa, kama mistari na vitone vya pango la Kiantapo, hapa kwetu Katanga, ambavyo Henri Breuil, mtafiti Mfaransa wa michoro ya kale, alivichapisha mwaka 1952, haihitaji hata programu. Mulikeni tochi kutoka ubavuni, mwanga ukipita karibu sambamba na ukuta. Kila mfuo unajaa kivuli na kusomeka. Chaki msijaze. Inabaki ndani ya mfuo, na kuichokoa ni kuukwangua mwamba wenyewe. Tena aliyejaza ameshaamua mstari unapita wapi, na mara nyingi amekosea.

Uzio? Sawa, penye mlinzi anayelipwa. Kondoa, Tanzania, penye miamba yenye michoro, waya ulizungushwa na watu wakautoa. Daftari la wageni mlangoni linasaidia zaidi, maana mwenye hamu ya kuacha jina anapata pa kuliacha. Jina la kwanza lililoandikwa mwambani kwa makaa lifutwe mapema, kabla halijaita la pili, lakini na fundi wa uhifadhi, si kwa brashi na sabuni.

Mtaniuliza: mbona Mungomi wa Kolo, pango lenye michoro huko huko Kondoa, wanaotambika hurushia pombe ukutani? Nakubali, shingo upande, kwamba nayo inaharibu. Ila wale wako mahali pa babu zao, na ukiwafukuza umefukuza walinzi wasiodai mshahara. Kaeni na wazee, mzungumze tambiko lifanyike hatua chache mbali na michoro. Mwenye simu hana sababu kama hiyo. Picha ile ikirudi kwenye kikundi chenu, mwambieni kijana yule, kwa upole, kwamba picha kavu inatosha.