Almanaki za Marekani: nani hasa mwandishi?

Benjamin Franklin alipoanza kuuza almanaki yake (kijitabu cha kila mwaka chenye kalenda, hesabu za mwezi na jua, na misemo) mjini Philadelphia mwishoni mwa 1732, jina la mwandishi kwenye jalada lilikuwa Richard Saunders, mtazama nyota fukara ambaye mkewe, kwa maelezo yake mwenyewe, ametishia kumchomea vitabu asipoleta pesa nyumbani. Saunders huyo hakuwepo. Jina lilichukuliwa kwa mnajimu halisi wa Uingereza wa karne ya 17. Hata misemo iliyoipa almanaki umaarufu, mingi ilichotwa kwingine. Katika dibaji ya 1758 "Richard" alikiri kwamba hata sehemu ya kumi ya hekima ile haikuwa yake.

Wapo wanaouita huo wizi, na siwalaumu. Lakini methali moja kuukuu ya Kiingereza ilisema watu watatu wanaweza kutunza siri, wawili wasipokuwepo. Franklin akaandika: wawili wakiwa wamekufa. Amegusa mwishoni tu, na methali iliyokuwa imesinzia ikaamka na meno. Huyo kwangu ni mwandishi. Na kwani nani aliwahi kudai hakimiliki ya "haraka haraka haina baraka"?

Hesabu za mwezi na kupatwa kwa jua ni jambo jingine. Hizo haziokotwi barabarani. Kuna mtu amekesha nazo. Benjamin Banneker, mkulima mweusi huru wa Maryland, alijifundisha elimu ya nyota akiwa amepita miaka 55, kwa vitabu na vifaa alivyoazimwa na jirani yake George Ellicott, akakokotoa almanaki ya 1792. Wachapaji wa Baltimore waliona jina lake peke yake halitoshi, wakaambatanisha barua ya James McHenry, mwanasiasa mzungu, ya kuthibitisha kuwa kazi ni yake. Ni kweli, barua ile ilisaidia kuuza, na wapinga utumwa walikuwa na haja nayo. Haikumaliza shaka, hata hivyo. Thomas Jefferson, aliyepelekewa nakala ya mkono mwaka 1791 akiwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani na kujibu kwa adabu zote, mwaka 1809 alimwandikia rafiki yake mshairi Joel Barlow akidokeza kwamba huenda Ellicott ndiye aliyemsaidia.

Saunders, ambaye hata kuzaliwa hakuzaliwa, alikaa sokoni miaka 25 bila kudaiwa barua ya mtu.