Mama Mkwe Amechemsha

Kwa kuwa mwalimu mwenzangu wa Hisabati, aliyekuwa mshereheshaji wetu Jumamosi, amekwisha kuisambaza video katika makundi yote ya WhatsApp, likiwamo la wazazi wa wanafunzi, ni heri mlisikie jambo hili kutoka kwangu mwenyewe, maana maelezo aliyoyaandika chini ya video ameyatia chumvi. Si kweli kwamba mama mkwe alizimia. Alikaa tu.

Mnajua kwamba mke wangu alipojifungua, mama yake alishuka kutoka Moshi kuja kumlea mzazi. Kila alfajiri, kabla sijapata soksi zangu, sufuria la maji ya kumkanda lilikuwa limeshatokota. Likishuka hilo, linapanda la mtori, ndizi na nyama zikichemka pamoja mpaka ndizi zikubali kupondwa kwa mwiko. Alifanya hivyo siku arobaini bila kukosa hata moja. Basi siku ya kumtoa mtoto, nilipopewa kipaza sauti nitoe shukrani, nilikusudia kumsifu mbele ya ukoo mzima.

Nilisimama, nikaiweka tai sawa, nikasema kwa sauti ile ninayowatolea wanafunzi mstarini: “Ndugu zangu, katika siku hizi arobaini, mama amechemsha.”

Pakawa kimya. Kule nyuma walikokaa vijana, mmoja akapaliwa na soda. Nikadhani ni uchungu wa shukrani umemkaba, kwa hiyo nikaendelea: “Amechemsha asubuhi, amechemsha jioni, na hata usiku wa manane, sisi tukiwa tumelala, mama alikuwa anachemsha.” Meza ya shemeji zangu ikaanza kutikisika. Nikajiambia, naam, hotuba imeingia. “Mimi ni shahidi,” nikasema, huku nikimwelekezea mkono mhusika, ambaye tabasamu lilikuwa linafifia usoni kama jiko la mkaa lililonyeshewa mvua, “na ninathubutu kutamka kwamba katika ukoo huu hajatokea mtu aliyechemsha kama yeye!” Kisha, ole wangu, nikamwombea makofi.

Yalipigwa. Yalipigwa kwa mikono, kwa miguu na kwa vijiko juu ya sahani.

Tafadhali msinifundishe maana ya pili ya neno hilo, ninaijua. Magazeti ya michezo hulitumia timu ikifungwa, na wanafunzi wangu hulisema wakitoka katika chumba cha mtihani wakiwa wameinamisha vichwa. Kinachoniuma ni sarufi. Mtu akichemsha maji, amefanya kazi. Akichemsha tu, pasipo yambwa, yaani kile kinachotendwa, ameboronga. Neno moja la herufi nne lingeniokoa, nami ndiye ninayewakata alama wanafunzi wa kidato cha pili kwa kushindwa kuipigia mstari hiyo hiyo yambwa. (Ninyi mliopita mikononi mwangu, ninawaona mnavyocheka. Chekeni taratibu.)

Yaliyofuata hayana maelezo marefu. Nilijaribu kufafanua, nikazidi kuharibu, mke wangu akanikanyaga mguu, kipaza sauti kikachukuliwa, watu wakala pilau. Jumatatu nikakuta ubaoni: “Mama mkwe wa mwalimu amechemsha. Bainisha yambwa.” Mwandiko ninaujua, na mwenyewe anajua kwamba ninaujua.

Mama hakuninunia, jambo ambalo limenitia hofu zaidi. Jana nilimsindikiza stendi, nikambebea mfuko, nikamwomba radhi kwa mara ya nne. Alinitazama kwa upole mkubwa, akasema, “Baba, ndizi nimeziacha jikoni. Sasa ni zamu yako kuchemsha.”

Nikamuuliza, “Kuchemsha nini, mama?”

Akapanda basi.