Daftari la kijana wa saiba

Kila wizi wa mtandaoni ukivuma Nairobi, wataalamu hurudia onyo lilelile: usimpe mtu nywila yako. Lawama nazo humshukia kijana wa saiba, lile duka la kompyuta na intaneti mtaani, anayeingia kwenye akaunti za wateja na kuziandika nywila zao daftarini. Onyo ni la haki. Ila wengi wanaolitoa hawajawahi kuketi kwenye saiba ya Kawangware Jumamosi asubuhi.

Mimi niliketi, nikingoja zamu yangu ya kuskani. Mbele yangu kulikuwa na mama muuza mboga aliyehitaji cheti cha polisi cha maadili mema ili aajiriwe kazi ya usafi.

"Mama, barua pepe yako ni gani?"

"Si ni wewe ulinifungulia?"

Kijana akavuta kaunta buku iliyokuwa chini ya kibodi, akapekua mpaka akalipata jina, akaingia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Msimbo wa kuthibitisha ulipolia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, mama akamnyooshea simu amsomee. Serikali ikalipwa shilingi 1,050, kijana akapata mia yake, na mama akawahi kibandani.

Daftari lile silitetei. Likiibwa, mtaa mzima uko wazi. Na barua pepe iliyofunguliwa kwa namba ya simu ya kijana ni yake kuliko ya mama. Siku akihama, mama atabaki nje ya mlango wake mwenyewe.

Lakini mama hakwenda pale kwa uzembe. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuhamishia huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, na malipo yakaelekezwa Paybill moja, 222222. Julai mwaka huohuo mfumo huo ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo, huduma zikakwama, na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Hakukuhitajika nywila ya mama mboga yeyote kuufikisha hapo.

Linaloniuma zaidi ni Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka. Ukishakuwa na PIN inayotumika, yaani namba ya mlipakodi ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, unatakiwa kuwasilisha ritani hata kama mwaka mzima hukuingiza senti. Ukikosa, faini huanzia shilingi 2,000. Mtafuta kazi aliyechukua PIN kwa sababu mwajiri aliitaka, kazi yenyewe asipate, anadaiwa elfu mbili kwa kutotangaza kwamba hana kitu. Kwa bei ya pale Kawangware, hizo ni safari ishirini za saiba. Tunamwambia asimpe mtu nywila. Hatumwambii ataiwasilisha vipi kwa simu isiyofungua tovuti, katika fomu za Kiingereza cha wahasibu. Kijana wa saiba ndiye anayemkumbusha, ndiye anayemjazia, na wiki ile ya mwisho wa Juni ndiye anayekesha.

Mwenye fedha naye hajazi fomu zake. Ana wakala wa kodi anayetambuliwa na KRA, anayeingia kwenye iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kwa akaunti yake mwenyewe na kumfanyia mteja kazi bila kuhitaji nywila ya mteja. Kumbe njia ya kusaidiwa bila kukabidhi ufunguo ipo. Haijafika Kawangware tu.

Mhudumu wa saiba angeweza kusajiliwa vivyo hivyo kwenye eCitizen: aingie kwa jina lake, mama aidhinishe kila ombi kwa msimbo unaofika hata kwenye kabambe, na akitaka kumwondoa, amwondoe. Wapo wanaohofia kwamba usajili utawapa matapeli sare ya kuaminika. Hofu hiyo ina uzito, na leseni zingelazimika kukaguliwa kwelikweli. Lakini tapeli wa leo hahitaji hata sare. Anaingia kwa nywila ya mama, na akiharibu jambo, kumbukumbu za mfumo zinaonyesha ni mama aliyefanya.