Kushikwa mkono Uingereza, kushikwa mkono Bongo

Wabongo tulioko Uingereza hupenda kusema huku sheria ni nyingine kabisa. Kwenye kushikwa na kuzuiwa, si kweli. Tanzania Bara ilirithi sheria hiyohiyo ya Waingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tofauti ni mazoea. Nyumbani mlinzi wa supamaketi anakukamata mkono, anakuingiza stoo, anakupekua, hakukuti na kitu: "Samahani kaka." Ukiwa mkali sana unakwenda polisi, ambako ni jinai. Kesi ya madai haimjii mtu akilini.

Huku hayo ni madai mawili. Kukushika bila ridhaa ni moja, hata kama hukupata mchubuko. Kukufungia stoo ni la pili, hata kwa dakika 10. Huthibitishi hasara, unathibitisha ulizuiwa, kisha mlinzi ndiye aeleze alikuwa na mamlaka gani. Hapo ndipo wengi wao huanguka. Polisi akikushuku kwa sababu za msingi, na akiwa na sababu za kuamini ni lazima akukamate, inamtosha. Mlinzi ni raia tu: akikukamata kwa wizi anaodai umeshafanyika, lazima uwe umefanyika kweli. Kama hakuna kilichoibwa, nia njema haimwokoi.

Wadai nao huharibu kesi zao. "Alinizibia mlango" haitoshi. Katika kesi ya Bird na Jones, 1845, jamaa alizuiwa kupita upande mmoja wa daraja la Hammersmith, lakini angeweza kurudi alikotoka. Mahakama ikasema hakufungiwa. Basi kama mlango mwingine ulikuwa wazi, dai la pili limekufa.

Picha za kamera ziombe kwa maandishi siku hiyohiyo: taja saa, mlango, rangi ya nguo. Duka lina mwezi mmoja wa kujibu, na mitambo mingi hujifuta ndani ya muda kama huo, kwa hiyo waandikie wazihifadhi.

Utajiri usiutegemee. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufani, katika kesi dhidi ya polisi wa London, ilitaja fidia ya takriban pauni 500 kwa saa ya kwanza ya kuzuiwa. Mwaka 2011 Lumba, raia wa Kongo, alishinda Mahakama ya Juu: serikali ilimzuia isivyo halali. Akapewa pauni 1, kwa kuwa hata serikali ingefuata sheria, angezuiwa vilevile. Mimi naiona ni kejeli.

Na Bongo? Madai ya aina hii hufunguliwa ndani ya miaka 3. Ukiishtaki serikali, toa kwanza notisi ya siku 90.