Nguzo Iliyokwenda Kula Pai

Vilima vya Manawatū, Nyuzilandi, vinapendeza kwenye picha. Mvua ikishikilia, vinateremka. Walowezi walifyeka msitu wapate malisho ya kondoo, na mvua za Februari 2004 zilipopiga, miteremko ikaporomoka na majani yake mpaka mabondeni. Ndiyo maana wenye mashamba wanapanda miti ya popla chotara: mzazi mmoja Mmarekani, mwingine wa Ulaya, ndoa iliyozaa watoto wenye mizizi ya fujo inayoushika udongo usitoke.

Na hawapandi miche. Mche mfupi mbele ya kondoo ni mboga tu. Wanapanda nguzo nzima ya mita 3, yaani tawi bichi lililokatwa, halina jani wala mzizi, lililoloweshwa kwanza bwawani linywe maji ya kutosha.

Asubuhi ile ya Agosti, baridi ya kung'ata masikio, bwawani kulikuwa na mafungu mawili: popla za mteremkoni na miti ya mierebi (ndiyo, ile ya kitabu cha Isaya) ya kwenye korongo lenye maji. Lebo zote zilikuwa zimebanduka. Mwenye shamba akasema tuchambue, akaenda kunywa chai.

Tulikuwa wawili, mimi wa Moshi na mzee mmoja wa Bukavu ambaye sote tunamwita Papa.

Mti usio na majani unatambulikaje? Kwa macho yake, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye gome. Jicho la popla limechongoka, limevikwa magamba kadhaa, na ukiliminya linatoa gundi yenye harufu tamu. La merebi lina gamba moja tu, limejilaza kwenye gome. Basi nikaminya, nikanusa, nikaminya, nikanusa. Gundi ikahamia vidoleni, ikapanda masharubuni, na nilipojifuta pua, glavu ya sufu ikagoma kutoka.

Papa akanikuta inaning'inia mdomoni.

"Mutoto, uko nafanya nini?"

"Nanusa, Papa."

"Unanusa fimbo?" Akanitazama kwa huruma. "Toka hapo, nitanusa mimi."

Mkubwa akisema, unafanyaje? Nikampisha, ingawa mafua yake yalikuwa hayajamwacha tangu ashuke kwenye ndege. Alimaliza fungu zima kwa muda ambao mimi nilikuwa nabandua glavu, nusu ya masharubu ikaenda nayo.

Tukapanda mlima, nguzo begani. Kila moja huvishwa ala ya plastiki ili wanyama wasiitafune gome, na plastiki ikilowa haina tofauti na sabuni. Nilikuwa nainua moja niitumbukize shimoni, mguu ukateleza. Mikononi ikabaki ala. Nguzo yenyewe ilishaondoka.

Ilishuka ncha mbele, kwa mwendo wa mtu anayejua aendako. Kondoo wakaipisha kwa adabu. Chini kabisa ikagonga jiwe, ikanyanyua kichwa, ikaingia kwenye pikapu ya mwenye shamba, mlango wazi, na kutua katikati ya pai yake ya nyama aliyoiacha kitini.

Alikuja taratibu na kikombe chake. Hakutazama kiti. Hakutazama pai. Aliishika nguzo, akakwangua jicho moja kwa ukucha, akatupigia kelele kutoka kule chini:

"Huu ni merebi!"

Nikamgeukia mchambuzi wetu mkuu. Papa akavuta kamasi, akaanza kuhesabu kondoo.