Fundi wa Wilaya Mbili

Shati la kanisani nimelivaa leo bure, jamani.

Kisa fundi seremala. Kala advansi ya kabati, kabati halionekani, simu hapokei. Barua ya serikali ya mtaa ninayo. Muhuri nilivyousotea mnajua wenyewe. Baraza la kata? Tangu 2021 hata ardhi haliamui, linasuluhisha tu, sembuse kabati. Haya, mahakama ya mwanzo.

Karani, binti mpole, akaamkia: "Shikamoo mzee. Mdaiwa anaishi wapi?"

"Marahaba. Mpakani."

Mnakumbuka 2015 wilaya yetu ya Kinondoni, hapa Dar, ilipomegwa ikazaliwa Ubungo. Tulipiga makofi, huduma zinasogea! Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 inataka kila wilaya na mahakama yake, sina neno. Ila mpaka umepita katikati ya mbao za fundi wangu.

"Banda lake liko wilaya gani?"

"Mlango Kinondoni, randa Ubungo."

"Na analala wapi?"

"Siku akidaiwa, chini ya meza."

Akaandika, akafuta. "Mlipatana mkiwa wapi?"

"Mlangoni."

"Na hela ulimpa palepale?"

"Nilimpa palepale, mama, ila alirudi nyuma kidogo kuzihesabu. Sasa sijui alihesabia wilaya gani."

Akaita mwenzake, mwenzake akaita mwingine. Wakalichora banda nyuma ya barua yangu ya mtaa. Mlango wakauweka, dirisha wakalisahau, nami nikawasahihisha kwa adabu zote kama shahidi wa serikali. Mwisho: "Mzee wangu, hebu jaribu kwa wenzetu upande wa pili."

Upande wa pili! Si ndio walionileta huku!

Hapo adabu ikaniishia. Nikauliza kwa sauti: na 2021 Jiji la Dar es Salaam lilipovunjwa, ujiji wakapewa Ilala, kesi za makabati zilipelekwa wapi? Mlinzi akaniomba nikapunge upepo nje.

Kurudi, mwendokasi limejaa hadi nimepitilizwa kituo.

Na mama mkwe anakuja Jumamosi, mtu wa kufungua kila mlango, nguo zetu ziko kwenye maboksi. Safari ile alikuta sufuria yake ya harusi tunaogeshea mtoto, akanuna hadi stendi.