Mgeni Aliyemnyang'anya Mwenyeji Diski

Shemeji yangu hawezi kuona waya umelegea akapata usingizi. Nilipomwomba anishikie tochi nipachike diski mpya ya terabaiti 8 kwenye seva, nilijua nimejitafutia makubwa, ila mikono yangu ni miwili tu.

Seva ni moja, ndani yake mna mashine mbili. Mwenyeji ndiye mwenye chuma, yaani kompyuta yenyewe. Mgeni ni mashine pepe, kompyuta ya programu tu inayoishi ndani ya mwenyeji na kutunza mafaili, na ili azione diski zake moja kwa moja nilimkabidhi kidhibiti kizima cha SATA (kifaa kinachounganisha diski na kompyuta), chenye matundu ya safu ya chini. Diski anayowakia mwenyeji huchomekwa safu ya juu. Ukiyatazama, matundu yote ni mapacha.

Nikaenda kutafuta bisibisi. Kurudi, nyaya zote zimefungwa vibanio na zimelala safu moja. Ya chini.

"Umeona, shem? Sasa ndiyo kazi!"

Nikawasha. Mwenyeji akaamka vizuri, maana wakati wa kuwaka matundu yote bado ni yake. Kisha akamwamsha mgeni kama nilivyompangia, na mgeni akachukua kidhibiti chake pamoja na kila kilichoning'inia humo. Kioo cha mwenyeji kikajaa makosa ya kusoma diski. Amri karibu zote akazikataa. Nikazima, nikawasha tena. Akaamka, akamkaribisha mgeni, akafa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangu alizikwa kila akibisha hodi.

Kilichonichanganya ni kwamba mgeni mwenyewe alikuwa buheri wa afya. Anaishi kwenye diski ya NVMe, aina isiyotumia matundu hayo, pembeni kabisa na vurugu za SATA. Ukurasa wake ukafunguka, diski mpya ikaonekana, nikashangilia. Diski ngeni haipewi mafaili kabla ya kuonja badblocks -w, programu inayosaka sehemu mbovu za diski: huandikwa yote mara nne, kila mara kwa mchoro wake, na kusomwa kila mara. Kwa terabaiti 8 ni kazi ya siku kadhaa, na kilichokuwamo hakisaliki.

Kwenye orodha nikakuta kingine: kidiski cha gigabaiti 240, "hakitumiki".

"Tuanze na hicho," akasema shemeji, kidevu kikiwa begani kwangu. "Kidogo, kitaisha upesi."

Wazo halikuwa baya. Nikakipima afya kwanza kwa jaribio fupi la SMART, ambalo diski hujipima yenyewe. Kikafaulu bila doa. Nikaandika amri ya badblocks, na kabla ya kubonyeza Enter nikasoma namba yake ili niihakiki kwenye daftari langu la diski.

Ilikuwa diski ya mwenyeji. Marehemu alikuwa na afya njema kabisa.

Nikazima seva, nikachukua mkasi, nikakata vibanio na kuurudisha waya mmoja safu ya juu. Mwenyeji akawaka, akamkaribisha mgeni, na wote wawili wakabaki hai. Nikageuka nimweleze shemeji.

"Nimeelewa," akasema, akiokota vibanio sakafuni. "Lakini kweli ndiyo uuache huo waya umekaa mshazari namna hiyo?"